Shaba Yenye Vinundu

Kila asubuhi, kabla jua la mtaa wa Al-Sulay, Riyadh, halijaanza kuchoma mabati, Zablon aliinama juu ya pipa la buluu akakoroga unga kwa mwiko, na kila asubuhi Griffins alimtazama kwa pembe ya jicho akafyonya. Mwiko! Katika karakana ya kuvuna shaba kwa umeme, mahali penye nyaya nene kama mkono wa mtu mzima na asidi inayotoboa suruali, mzee wa miaka hamsini na miwili alikuwa anatumia mwiko.

Tena alikuwa akiimba. Wimbo wa kanisani, kwa sauti ya puani, huku mkono wa kushoto ukinyunyiza unga kidogo kidogo kama anayelisha vifaranga.

"Uji uko tayari, mpishi?" Griffins alimuuliza.

"Bado kidogo, kijana. Uji haukimbizwi."

Watu wakacheka. Griffins hakucheka. Yeye alikuwa ameuliza kwa dharau, na dharau ikipokewa kwa upole humchubua mwenyewe aliyeituma.

Ni kweli Zablon alikuwa mpishi. Miaka kumi na tisa alipika katika shule moja ya bweni huko Kisii, kabla ya kuvuka kuja Riyadh kutafuta maisha. Griffins alipolijua hilo, alimweka mzee katika fungu lake mara moja na kumfungia humo. Wapishi wa shule aliwajua. Akiwa kidato cha tatu yeye mwenyewe aliongoza mgomo wa uji. Wanafunzi mia nne walimwaga vikombe vyao mbele ya bwalo kwa sababu uji ulikuwa na mabonge, na mpishi mmoja akafutwa kazi siku hiyohiyo. Lilikuwa jambo alilolisimulia kwa fahari hata sasa.

Kazi ya karakana haikuwa ngumu kueleza. Nyaya chakavu kutoka majengo yaliyobomolewa zilichomwa, majivu yake yakayeyushwa kwa asidi, na maji hayo makali, yaliyogeuka buluu kwa shaba, yakajazwa kwenye matangi marefu. Ndani ya matangi yalining'inizwa mabamba ya risasi na mabamba ya chuma kisichoshika kutu, moja huku na jingine kule, yametazamana. Umeme ulipopita, shaba ilitoka kwenye maji ikajibandika juu ya chuma, siku baada ya siku, hadi ikawa nene ya kubanduliwa. Wabanduaji walikuwa Wakenya kumi na wawili, na Griffins mmoja wao.

Lakini umeme una tabia za kitajiri: hupenda kwenda penye kitu tayari. Shaba ikitokeza kinundu kidogo tu, umeme hukimbilia pale, kinundu kikanenepa, kikawa kidole, kidole kikagusa bamba la risasi la jirani, cheche zikaruka. Isitoshe, ndani ya vinundu hujificha asidi na uchafu wa risasi, na mnunuzi akivikuta hataki hata kusikia bei. Hapo ndipo ulipoingia ule unga. Ulisagwa kutokana na mbegu za guari, mmea wa jamii ya kunde. Ukikutana na maji huwa mlenda, na mlenda huo ukiingia tangini huenda kuvikalia vinundu vikiwa bado vichanga. Umeme ukikuta mlango umefungwa, huenda kwa wengine. Shaba ikatoka laini.

Haya yote Griffins aliyajua kwa kuyasoma. Alikuwa na diploma ya kemia, na alikuwa na karatasi ya wakala wa Nairobi iliyosema "msaidizi wa maabara". Alipofika Riyadh mwaka 2014 akakuta ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi, imeandikwa amil, yaani kibarua, na badala ya chupa za kioo akapewa patasi na glavu zilizotoboka. Maabara ilikuwepo. Ilikuwa chumba chenye kiyoyozi mwishoni mwa karakana, na mlangoni mwake lilining'inia koti jeupe la mkemia aliyekwisha kwenda kwao. Griffins alilipita koti hilo mara nne kwa siku. Hakuna mwanamke ambaye yeye aliwahi kumkodolea macho namna alivyolikodolea koti lile.

Ndipo akaandika ripoti. Kurasa mbili, kwa Kiingereza cha kunyooka, zikieleza kwamba kiungo muhimu kuliko vyote cha matangi kilikuwa mikononi mwa mtu asiyepima. Zablon anachota unga kwa kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Zablon anatumia maji baridi, ilhali kila mtu anajua maji moto huyeyusha upesi. Zablon hudondosha mlenda tangini kupitia kopo la nyanya lililotobolewa kwa msumari, kutwa kucha, kana kwamba anamwagilia sukumawiki. Jina la Zablon lilitokea mara tatu, na mara zote tatu mbele ya neno baya.

Ripoti akampa Mhandisi Faris, mpwa wa bosi, kijana aliyevaa miwani ya jua hata ndani na ambaye hakuwahi kuingia karakana zaidi ya hatua moja, asije akachafua viatu. Faris hakujua asidi na siki vinatofautiana wapi. Ila alijua ripoti iliyopigwa chapa vizuri.

"Umeandika wewe?" akauliza.

"Mimi, bosi."

"Na huyu mzee wa kopo, anajua kuendesha gari?"

Zablon alijua. Wiki hiyohiyo akapandishwa basi kwenda Jeddah, akawe dereva wa mama mzazi wa bosi katika nyumba yao ya Al-Hamra. Alikunja blanketi lake, akaosha mwiko, akausimamisha ukutani ukauke.

Griffins akaitwa ofisini. Bosi mwenyewe, Abu Rakan, mtu mnene wa maneno machache, alimtupia lile koti mezani kama mtu anayemtupia paka kichwa cha samaki.

"Shehena moja," alisema. "Mnunuzi wa Jeddah akiipokea, nabadilisha ikama yako, unakuwa mtu wa maabara. Akikataa, halas, unarudisha koti."

Griffins akalivaa palepale. Lilimkaa vyema. Kazi yake ya kwanza ndani ya koti ilikuwa kulishika lile kopo la nyanya kwa vidole viwili, mbali na pua, na kulitupa jaani.

*

Alifanya kila kitu kama kinavyopaswa kufanywa. Alipima unga kwa mizani, gramu mia sita barabara. Alichemsha maji. Alimwaga unga wote kwa mkupuo, akawasha kichanganyio cha umeme alichomwomba Faris anunue, akasimama mikono nyuma. Unga ukavimba, ukajikunja, ukafanya mabonge meupe yenye ngozi ngumu nje na vumbi kavu ndani. Griffins akayatazama, akajiambia yatayeyuka mbele ya safari. Saa mbili asubuhi akamimina pipa zima tangini, akaenda kukaa kwenye kiyoyozi.

Siku nne za kwanza hakuna aliyeona kitu. Ya tano, Cliff, mbanduaji mwenzake wa zamani aliyelala kitanda cha juu yake, alimletea kipande cha shaba mlangoni mwa maabara.

"Prof, njoo uone. Shaba yako imeota surua."

"Hamwoshi mabamba sawasawa."

"Tunaosha vilevile tulivyoosha wakati wa mzee."

"Basi mlikuwa mnaosha vibaya tangu wakati wa mzee."

Cliff akakigeuza kile kipande, akakipapasa. "Wakati wa mzee ungeweza kujitazama humu ukanyoa ndevu. Sasa hii, hata kukunia nazi inafaa."

Griffins akaongeza unga. Mabonge yakaongezeka. Akapunguza umeme, Faris akamgombeza kwa kuchelewesha kazi; akaurudisha. Vinundu vikawa vidole. Alasiri moja cheche ziliruka katika tangi la tatu, wabanduaji wakakimbia nje, na walipokuwa wamesimama juani wakihema, wote kumi na mmoja walimtazama yeye na koti lake. Griffins alijibu kwa kubinua midomo. Watu wenyewe hawa hata hawakumaliza shule, wangemwambia nini?

Shehena ilipotimia, bosi akaamuru aende nayo Jeddah yeye mwenyewe, asimame mbele ya mnunuzi.

Uwanja wa mnunuzi ulikuwa kusini mwa mji, jirani na mtaa wa Karantina, vumbi tupu na chuma chakavu. Mnunuzi alikuwa mzee mkavu mwenye nyundo ndogo kiunoni. Hakupima, hakuuliza diploma. Alichagua bamba la katikati, akagonga kinundu kimoja, tap, kikavunjika, na ndani yake likatoka tone la maji ya buluu. Likamdondokea Griffins kwenye ukingo wa koti. Tundu likaanza kufunguka pale lilipoangukia, taratibu, kama jicho la mtu anayeamka.

"Mafi, hakuna kitu," mnunuzi alisema, akageuka kwenda kunywa chai.

Griffins alimpigia Faris. Faris alisikiliza, akaenda kumwambia mjomba wake, akarudi kwenye simu.

"Bosi anasema shaba irudi iyeyushwe upya. Utapata shehena moja nyingine kwa sababu kichanganyio tumeshakinunua. Ikikataliwa na hiyo, unarudi kwenye patasi. Na amesema wewe ni hasara inayojua Kiingereza."

Lori lilikuwa liondoke kesho yake. Griffins alikaa juu ya rundo la nyaya mpaka adhuhuri ikapita, akiipitia kemia yote aliyosomeshwa, na kila alipofika mwisho wake alikuta kopo la nyanya. Mwishowe aliinuka, akakunja koti, akalitia katika mfuko wa rambo, akauliza njia ya Al-Hamra.

*

Aliyefungua mlango wa nyuma wa ile nyumba alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani na mwiko mkononi. Alimkagua juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Griffins," alisema kabla hajasalimiwa. Alikuwa Selipher, mfanyakazi wa ndani, na kwa uso ule ilionekana amesimuliwa yote. "Wa ripoti."

"Shikamoo, mama. Namtafuta Zablon."

"Nani?"

Griffins akajirekebisha. "Mzee Zablon."

"Aa. Huyo yuko." Akaita bila kugeuza kichwa. "Mzee! Maabara imekuja!"

Zablon alikaa katika chumba cha dereva kando ya geti, chumba cha kitanda kimoja na jiko dogo la gesi. Alikuwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Alimkaribisha, akampisha kitini, akakaa kitandani.

"Shaba haijambo?" akauliza.

"Ina vinundu, mzee."

"Mm."

"Nimepima sawa. Gramu mia sita, kama kitabu kinavyosema."

"Kikombe changu kilikuwa na mstari niliouchora kwa msumari. Uliuona?"

"Sikuangalia."

"Vikombe vitatu kwa siku. Yule mkemia aliyeenda kwao alinipimia mwenyewe, mia mbili mia mbili. Wewe ukaandika sipimi." Hakuinua sauti. "Hukuuliza. Mtoto wa watu amesoma mpaka chuo, na hajui kuuliza."

Griffins akainamisha kichwa. Selipher, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka kwa pua.

"Umewahi kupika uji, msomi?" Zablon akauliza.

"Kwetu wanaume hatuingii jikoni. Nyanya yetu alikuwa akitufukuza."

"Na pale kambini zamu yako ya kupika hupika nani?"

"Hubadilishana na Cliff. Mimi namchotea maji."

"Ee Mungu," alisema Selipher. "Huyu mtu amekula miaka ishirini na sita na hajui chakula kinatoka wapi."

Zablon aliinuka, akaweka sufuria juu ya meza, akamsukumia pakiti ya unga wa wimbi ambao Selipher aliletewa na mtu kutoka nyumbani. "Pika."

Griffins alichemsha maji. Yalipotokota akamimina unga. Mabonge yakaibuka palepale, yaleyale, yenye ngozi nje na vumbi ndani, na Griffins akasimama na mwiko hewani akiyatazama kama aliyekutana njiani na mtu anayemdai. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Hata hivyo Selipher alieleza.

"Hiyo hata mbwa wa madam hali. Na unga wangu umekwisha nusu!"

"Mwaga," Zablon alisema. "Anza na maji baridi. Kidogo. Nyunyiza kwa vidole, koroga. Nyunyiza, koroga. Unga una woga, kijana. Ukiushtua kwa moto unajifungia mlango. Ukiukaribisha kwa baridi unafunguka wenyewe. Ule wa guari ni mwoga zaidi ya huu. Ukishafunguka, uache saa nzima ulale, halafu uchuje."

"Na lile kopo?"

"Asidi inakula mlenda. Ukimwaga wote asubuhi, adhuhuri hakuna kitu mle, na umeme hauendi kulala adhuhuri. Lazima udondoke, tone kwa tone, kutwa kucha. Mimi nimelisha watoto mia sita. Huwezi kumpa mtoto chakula cha siku nzima saa moja asubuhi, ukamwambia tuonane kesho."

Mara ya tatu uji ulitoka laini. Selipher alionja, akaguna, akajimiminia kikombe kizima, na hiyo ikawa ndiyo sifa pekee aliyopewa Griffins siku hiyo.

Alipokuwa akiaga, Zablon alimshika bega. "Karatasi yako ya kwanza nilisomewa; iliniita mara tatu. Hapa hawaniiti mzee, hawaniiti Zablon, wananiita sawaki, dereva. Ukiandika ya pili, niite mara moja tu. Kwa neno zuri. Sitaki kingine."

"Nitaandika, mzee."

"Tutaona," alisema Selipher, akafunga mlango.

*

Aliporudi Al-Sulay, Griffins alienda jikoni mwa kambi, akatafuta kopo la nyanya, akalitoboa kwa msumari. Mwiko wa Zablon ulikuwa bado umeegemezwa ukutani. Kikombe kilichokatika mkono alikikuta nyuma ya pipa. Akajaza unga hadi kwenye mstari, akakiweka kwenye mizani. Gramu mia mbili na moja.

"Prof anakoroga kwa mwiko!" Cliff alitangaza. "Jameni, njooni mwone! Bado wimbo tu!"

"Wimbo siujui."

"Uulize nao."

Baada ya siku saba shaba ilitoka ya rangi ya waridi, laini, na wabanduaji walipoibandua ililia mlio mmoja safi. Shehena ilipofika Jeddah, mnunuzi alizunguka na nyundo yake, akapapasa, akatafuta pa kugonga, akakosa, akairudisha nyundo kiunoni kwa uso wa mtu aliyenyimwa starehe.

Faris akaja mlangoni mwa maabara. Hatua moja. "Bosi anataka utaratibu kwa maandishi, unga unawekwaje. Andika kwa jina lako, aweke sahihi, na papohapo ikama yako anaipeleka. Yalla, leo."

Griffins akakaa chini ya kiyoyozi. Utaratibu ulijaa ukurasa mmoja: maji baridi, kunyunyiza, kulaza saa moja, kuchuja, kudondosha. Ikabaki nafasi ya jina. Lilikuwa jambo dogo mno. Zablon asingejua, karatasi ingebaki ndani ya faili Riyadh, naye Zablon yuko Jeddah akimpeleka ajuza kwa daktari wa meno. Na bosi akijua kwamba mkemia wake alifundishwa na mpishi, angetaka mkemia wa nini? Koti lilikuwa mgongoni mwake. Kupitia lile tundu la asidi alikuwa akiona goti lake mwenyewe.

Aliikumbuka ile asubuhi ya mgomo shuleni, uji ukimiminika kwenye vumbi, na mpishi aliyesimama mlangoni na aproni yake, akiwatazama watoto mia nne wanaoshangilia. Jina la mpishi yule hakuwahi kulijua.

Akaandika: *Utaratibu huu ni wa Zablon, ambaye aliupima na kuutunza tangu mwanzo. Ripoti yangu ya awali juu yake haikuwa ya kweli.* Kisha akatia sahihi, kabla hajapata akili nyingine.

Abu Rakan aliisoma mbele yake. "Zablon. Dereva wa mama yangu?"

"Ndiye, bosi."

"Mpishi."

"Ndiyo."

"Na wewe ulisoma kemia miaka mingapi?"

"Mitatu."

Bosi akacheka mpaka tumbo likagonga meza, na Faris, ambaye hakujua kinachochekesha ni nini, akacheka zaidi. "Nimemvika koti asiye mwenyewe," bosi alisema, akipangusa macho. Akanyoosha kidole. Griffins akalivua, akaliweka mezani. Ikama yake ikabaki amil, kama ilivyokuja.

Zablon alifika kwa basi siku ya Jumamosi, na blanketi lake lilelile. Walimpa koti mbele ya watu wote. Alijaribu kuingiza mkono mmoja. Mabega yake ya kubebea sufuria za watoto mia sita hayakuingia. Akalivua, akalinyanyua juani, akalichunguza kama mwanamke anayenunua leso.

"Nguo nzuri hii," alisema. "Imefumwa kwa karibu. Bonge halipiti."

Na palepale, mbele ya Faris na miwani yake, akalitandaza juu ya pipa la buluu, tundu la asidi akalikunja upande, akafunga mikono ya koti chini ya ukingo. Wabanduaji walipiga kelele za furaha. Griffins alisimama na patasi yake. Moyo ulimwuma alipoona kola ile ikizama kwenye mlenda, na hangeweza kusema haukumwuma.

"Msomi," Zablon aliita. "Weka hiyo patasi. Njoo ushike upande huu."

Griffins akaja mbio, akanyoosha mkono.

Zablon akauangalia ule mkono, mweusi kwa grisi, akauangalia uso wa mwenyewe, akatikisa kichwa polepole kwa masikitiko makubwa ya mpishi.

"Nawa kwanza," alisema.